Upanga Wenye Ufa wa Bibi Orito

Mizote Haruyo aliingia chamani kwetu kwa sababu ya mvua. Wakati ule tulikuwa tukikutana Jumapili moja kila mwezi katika ukumbi wa hekalu lililo chini ya ngome ya Tsuyama, watu wachache tu wa makamo na wazee, kutazama panga za kale na kujifunza. Siku hiyo Haruyo alikuwa amekuja kufagia kaburi la mama yake. Mvua ya vuli ikamkuta katikati ya makaburi bila mwavuli, akakimbilia barazani kwetu akiwa ameshika ufagio na ndoo.

"Ingia ndani, dada, utalowa," Mwalimu Akagi akamwambia. "Viatu acha hapo."

Akaingia, akajibana kwenye kona kama mtu aliyekosea nyumba. Sote tulimfahamu. Alikuwa muuza tofu, ile jibini laini ya maharage ya soya, wa mtaa wa mtoni. Hakuolewa. Baba yake alipofariki alirithi duka, masufuria, na mama aliyepooza upande mmoja, akavibeba vyote hivyo tangu ujana wake hadi nywele zikaanza mvi. Mama alikuwa amezikwa mwanzo wa kiangazi. Kwa hiyo ile ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuwa na Jumapili isiyo na mtu wa kumgeuza kitandani, na nadhani hakujua aipeleke wapi.

Mwalimu Akagi alikuwa mnoaji wa panga, mtu mkavu, mwenye vidole vilivyopinda kwa kushika mawe ya kunolea maisha yake yote. Aliweka panga mbili juu ya meza, kila moja imefungwa kitambaa kwenye msuka, kule kunakoingia mpinini, maana ndiko mhunzi anakochonga jina lake. Mchezo wetu ndio huo: unautazama upanga bila kuona jina, halafu unakisia nani aliufua na zama zipi. Tulikisia mmoja mmoja. Mimi, fundi saa, niliyezoea vitu vidogo, nilikosa kama kawaida yangu. Ndipo Mwalimu akageukia konani.

"Na wewe jaribu."

"Mimi, Mwalimu? Najua visu vya kukatia tofu tu."

"Afadhali. Hao wengine wanajua mengi mno."

Akamwonyesha namna ya kuinama kwanza, namna ya kuupokea kwa mikono miwili, na kwamba hapaswi kusema chochote akiwa ameuinamia, kwa sababu tone moja la mate huleta kutu. Haruyo akautazama muda mrefu.

"Unaona nini?"

Akauweka chini kwanza ndipo akajibu. "Naona taa."

Tukacheka. Mwalimu hakucheka. "Usiutazame upanga. Tazama mwanga unavyotembea juu yake. Uinue, uelekeze pale chini ya taa, uache mwanga uteleze wenyewe kuelekea makali."

Akajaribu tena, na nikamwona anaduwaa. Kwenye ukingo wa bapa, pale chuma kilipochovywa majini kikiwa chekundu, ulikuwepo mstari mweupe. Haukuwa umenyooka. Ulipanda na kushuka kwa vichwa vidogo vidogo vilivyobanana, mithili ya machipukizi ya karafuu yakiwa bado mtini. Ndivyo tunavyouita mstari huo: karafuu. Ni alama ya wahunzi wa Osafune, kule chini mto wetu unakopita kabla ya kufika baharini.

Machozi yakaanza kumtoka.

"We, Mama Tofu!" akapiga kelele Nanba, muuza pombe ya mchele, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. "Kalilie kando huko! Hiyo chumvi itaushikisha upanga kutu!"

Hapo hata Haruyo akacheka huku akijifuta kwa mkono wa kimono. Mwezi uliofuata alirudi bila mvua.

Mtu akishaambukizwa maradhi haya hapoi haraka, na mgeni ndiye huugua zaidi. Haruyo alisoma kila kitabu alichokipata. Alijifunza kuufuta upanga kwa karatasi laini, kuupiga kwa kifuko cha unga wa jiwe, kuupaka mafuta ya karafuu kidogo mno kiasi cha kuulainisha tu. Watu wakaanza kusema tofu yake inanukia karafuu. Haikuwa kweli, ila mikono yake, ambayo iliamka kila alfajiri ndani ya maji ya barafu, sasa ilikuwa na kazi nyingine ya jioni.

Kosa lake alilifanya kwenye maonyesho ya panga mjini Okayama. Mwalimu alikuwa amemwonya: "Mwaka wa kwanza usinunue. Mwaka wa pili usinunue. Mwaka wa tatu njoo tuzungumze. Na ukinunua, nunua chuma, usinunue jina." Lakini pale palikuwa na mfanyabiashara aitwaye Kokubu, mtu wa sauti ya asali, naye alimfungulia msuka akamwonyesha jina. Lilikuwa jina la mmoja wa wakubwa wa Osafune. Haruyo akanunua, akarudi na jina hilo kwenye treni akiwa amelikumbatia kama mtoto mchanga, na Jumapili iliyofuata akaliweka mbele yetu.

Mwalimu Akagi aliutazama mstari, akautazama umbo. Alipofungua msuka hakukaa sana.

"Umelipia nini hapa, Haruyo?"

"Nimelipia..." Akautazama msuka. "Nimelipia jina, Mwalimu."

"Basi jina hili ni changa kuliko upanga. Ona ndani ya herufi: kutu ya humo ni nyekundu na kavu, ya pembeni ni nyeusi na laini. Hii kutu imepikwa. Upanga wenyewe ni wa kawaida, wa miaka ya baadaye sana, umefuliwa kwa haraka."

Nanba akashindwa kujizuia. "Pole, Mama Tofu. Maharage umenunua, lakini hayachipui."

Hakuna aliyecheka. Haruyo aliinama kwa Mwalimu, akaufunga upanga wake, akaondoka kabla ya chai. Tulidhani hatarudi. Kokubu alikataa kuupokea tena; alisema biashara ya panga ni macho ya mnunuzi. Rafiki mmoja akamshauri aupeleke kwenye maonyesho mengine, auuze vilevile na jina lake, maana hata yeye aliuziwa hivyo. Akaupeleka kweli. Akaketi nyuma ya meza asubuhi nzima. Mwalimu mmoja wa shule kutoka Himeji, mkusanyaji mgeni kama yeye, alisimama pale, akafungua msuka, akaona jina, akauliza bei kabla hata ya kuutazama upanga wenyewe.

Haruyo alinisimulia baadaye: "Nilimwona usoni. Nilijiona mwenyewe."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia jina ni la uongo. Akauweka chini kama aliyeshika makaa. Hata hakuniaga."

Akaurudisha nyumbani upanga wake, na chamani akarudi.

Miaka ikapita, na macho yake yakakomaa. Hakuwa na kipaji kikubwa. Alikosea kama sisi sote. Ila alikuwa na subira. Tulipokuwa tukikimbilia kukisia, yeye alikuwa bado anatazama.

Mwisho wa vuli moja akaja dukani kwangu, akasimama katikati ya saa zangu zote zinazogonga. "Bwana, gari lako linapanda milima?"

"Likibembelezwa."

"Kuna bibi mmoja huko juu ana upanga. Anahama."

Bibi huyo aliitwa Orito Suga. Aliishi peke yake katika nyumba kubwa ya zamani, kwenye bonde ambalo nyumba nyingi zilikuwa zimeshafungwa. Mumewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Mpwa wa mumewe, aliyeishi Osaka, alikuwa amemtafutia nafasi katika nyumba ya wazee mjini na kumtaka aondoe vitu kabla ya theluji. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshakuja kuutaka ule upanga palepale, lakini bibi hakuipenda haraka yake. Akauliza, akaambiwa mjini yupo muuza tofu anayejua mambo hayo.

Tulimkuta anatungoja mlangoni, mdogo, amepinda kama mundu.

"Ndiye wewe wa panga?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Hee! Nilikuwa nimejiandaa kumwona mwanamume, na ndevu juu yake." Akanitazama mimi. "Na huyu?"

"Huyu ni dereva tu," Haruyo akajibu bila kupepesa.

"Basi dereva naye anywe chai. Kaeni."

Akatuletea chai, figili za chumvi, na matunda ya kaki yaliyokaushwa kwa mkono wake. Kisha akaingia chumba cha ndani, akatoka na kitu kirefu kilichofungwa kwa hariri iliyofifia, akakibeba kwa vitambaa bila kukigusa kwa vidole. Alituambia kuwa mama mkwe alimkataza kuugusa siku alipoolewa, na katika nyumba ile hakuna mwanamke aliyewahi kuuona ukiwa nje ya ala. Mumewe alikuwa akiupaka mafuta mara moja kwa mwaka, amegeukia ukutani.

"Alikuwa anasema ndio hazina ya Orito," akasema. "Mimi sijui. Niambieni nyinyi."

Haruyo akanawa, akajifuta mikono hadi ikakauka kabisa, akainama, akauchomoa. Ulitoka polepole. Ulikuwa umechoka, ulikuwa umenolewa na vizazi vingi hadi bapa likawa jembamba, na madoa ya kutu yalikuwa yametapakaa huku na huku. Msuka haukuwa na jina. Lakini alipougeuza kuelekea dirishani, hata mimi nilisogea karibu. Karafuu zilikuwepo, zimejaa, hai, na juu yake, katikati ya bapa, palikuwa na kivuli cheupe kama ukungu wa asubuhi uliolala juu ya mto. Kivuli hicho hakiigizwi. Kinapatikana kwenye kazi za wahunzi wachache waliokufa mamia ya miaka iliyopita.

Haruyo alitazama mpaka chai ikapoa. Alianzia chini akapanda juu, akarudi. Mara mkono wake ukasimama, kidogo kupita katikati. Akauinamisha. Akauinamisha tena kwa upande mwingine. Nikaona rangi inamtoka usoni.

Akanipa. "Tazama hapa."

Nilitazama. Ulikuwepo unywele mweusi, mwembamba kuliko unywele wa mtu, umekata mstari mweupe kutoka kwenye makali kwenda ndani.

Haruyo akaurudisha alani, akaomba ruhusa ya kwenda kunawa. Nikamfuata hadi kisimani nyuma ya nyumba.

"Ni ufa?" nikamnong'oneza.

"Ni ufa wa makali."

Hakuhitaji kunieleza. Upanga unaweza kupona kutu, unaweza kupona kupinda, hata ncha ikivunjika hutengenezwa nyingine. Lakini ukipata ufa kwenye makali, umekufa. Hakuna mnoaji wala mhunzi anayeweza kuufufua, na hakuna mkusanyaji anayeutaka. Walaghai huusugua na kuujaza hadi usionekane, kisha humtafuta mgeni.

"Mwambie ni wa zamani na umechoka," nikasema. "Basi. Ni mzee huyu, karibu anahama nyumbani kwake. Ana haja gani ya kuambiwa hazina ya mumewe ni maiti?"

Alikuwa akimwaga maji mikononi, maji ya mlimani, yenye baridi ya kukata. "Kokubu naye aliniambia nusu," akasema. "Alisema upanga ni wa kale, na hilo lilikuwa kweli tupu."

Tukarudi ndani. Haruyo akaketi mbele ya bibi, magoti yamekutana, mikono juu ya mkeka.

"Bibi, upanga huu ulifuliwa na watu walioijua kazi yao. Sijawahi kushika mzuri kama huu, na huenda sitashika tena. Lakini umekufa."

"Umekufa?" Bibi Suga akatazama ile hariri. "Kumbe upanga hufa?"

"Hufa. Una ufa kwenye makali. Hauna dawa."

"Wapi?"

Haruyo akauchomoa tena, akamshika bibi kiwiko, akamgeuza taratibu kuelekea mwanga. Bibi akavaa miwani yake. Alichelewa kuuona.

"Huo mweusi? Kama unywele?"

"Ndio huo."

"Na hapa pembeni, mbona pamelika?"

"Hapo palikuwa na pengo. Mtu amelisugua mpaka likasawazika. Hakuwa mnoaji, bibi. Michirizi hii ni ya jiwe la kunolea mundu. Aliugonga mahali pagumu, jiwe labda, halafu akajaribu kuficha."

Bibi Suga alivua miwani, akaiweka mapajani. Nje ndege mmoja alikuwa akichokora kaki zilizobaki mtini.

"Ni Teiji," akasema.

Akatusimulia bila kuinua sauti, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. Mumewe, Teiji, alipopelekwa vitani aliacha mtoto wa kike, Fumi, anayejifunza kutembea. Mwaka wa mwisho wa vita Fumi alishikwa na kuhara damu. Daktari alikuwa jeshini, dawa hakuna, mchele hakuna. Yeye na mkwewe wakamzika mlimani nyuma ya nyumba. Vita vikaisha, Wamarekani wakapita wakikusanya panga, na mkwewe akauficha ule wa ukoo ndani ya nyasi za paa. Teiji akarudi majira ya baridi yaliyofuata, amebaki mifupa, ana mfukoni mdoli wa mbao aliouchonga melini.

"Hakulia. Aliuliza kaburi liko wapi, akaenda, akarudi. Akala ugali wa mtama niliompikia. Mimi nikaenda jikoni kuosha bakuli. Ndipo nikasikia." Akainua kidole. "Mlio. Kama wa kengele ya hekalu, lakini mfupi. Nikatoka mbio. Alikuwa amesimama hapo mlangoni, kwenye jiwe la kuvulia viatu, mikono mitupu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema ameangusha jembe."

"Hukuuona upanga?"

"Alikuwa ameshauficha, au mimi sikutaka kuona, sijui. Baada ya hapo alishinda mtoni siku nyingi ananoa mundu. Mama mkwe alikuwa akimcheka: theluji yote hii, unataka kukata nini?" Akatabasamu kidogo, tabasamu likazimika. "Hakumtaja Fumi tena mpaka anakufa. Nilimchukia kwa hilo, mwanangu. Sikupi uongo. Nililala na mtu yule miaka yote nikisema moyoni, huyu, mtoto wetu hakumuuma."

Akanyoosha mkono, akausimamisha juu ya ule ufa bila kuugusa.

"Kumbe alipiga hapa."

Haruyo aliurudisha upanga alani. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akakaa hivyo. Mimi nilitoka nje kutazama gari ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Niliporudi walikuwa wanabishana.

"Nikuuzie maiti? Watu watanicheka."

"Niuzie, bibi. Nimeuona wote, wala sijadanganywa. Yule mwingine akiuchukua, atauficha huu ufa, auuze kwa mtu asiyejua."

"Na wewe utaufanya nini?"

"Nitautazama."

Bibi akafikiri. "Basi kwa bei ya kitu kilichokufa. Si senti zaidi. Usinihurumie."

"Sikuhurumii."

"Na kabla sijaenda mjini, uniletee mara moja."

Jumapili iliyofuata Haruyo akauleta chamani, akauweka mezani, msuka umefungwa. Nanba ndiye aliyetangulia kuushika. Akautazama, macho yakamtoka.

"Osafune! Wa zamani! Mama Tofu, umeiba wapi?" Halafu akafika katikati, akauweka chini kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona kwake. "Aa. Dada yangu. Umeingia tena shimoni."

"Sikuingia," Haruyo akasema. "Niliuona kabla ya kununua."

"Uliuona ufa, ukanunua?"

"Ndiyo."

"Kwa nini sasa?"

Haruyo akamsogezea Mwalimu upanga. Habari ya nyumba ile hakuitoa pale. Hadi leo nadhani aliyeijua ni mimi tu, na Mwalimu. Mwalimu Akagi aliuchukua upanga, akautazama kwa muda, akamwita kila mmoja wetu, mkubwa kwa mdogo, asogee dirishani. "Njooni muone. Mnasoma vitabuni habari za ufa wa makali, mnatikisa vichwa, na siku ukiwa mikononi mwenu hamuuoni. Huu hapa. Na kivuli cheupe hiki hapa, ambacho mnakitaja kila mwezi bila kukijua. Upanga ulio hai wa namna hii hamtapewa kuushika kamwe." Akamgeukia Haruyo. "Sitaunoa. Umebakiza nyama kidogo. Nitauondolea kutu tu, na kazi hiyo hunilipi."

"Nitalipa, Mwalimu."

"Utaleta tofu."

Theluji ilikuwa imeanza kudondoka tulipopanda tena bondeni. Nyumba ilikuwa tupu, mikeka imeinuliwa na kuegemezwa ukutani. Bibi Suga alikuwa amevaa kimono chake cheusi cha heshima. Tulipanda mlimani nyuma ya nyumba, mimi nikimshika bibi mkono, Haruyo nyuma na upanga katika mfuko wake, mpaka kwenye mawe ya ukoo wa Orito. La Fumi lilikuwa jiwe la mto tu, duara, bila maandishi. La Teiji lilikuwa limesimama jirani.

Bibi akawasha ubani, akauziba upepo kwa mwili wake. Kisha akamnyooshea Haruyo mikono miwili.

"Nipe."

Haruyo akauchomoa, akamwonyesha pa kushika kwenye mpini, akaweka mikono yake chini ya ile ya bibi ili uzito usimwelemee. Bibi akatikisa kichwa, akamwambia amwachie. Akaushika peke yake.

"Mzito," akasema. Akautazama muda, halafu akalitazama jiwe dogo. "Fumi. Baba yako alilia. Mimi ndiye niliyekuwa jikoni." Akalitazama na lile jiwe kubwa. "Na wewe ungesema tu, mjinga wewe. Ungesema tu."

Vipande vya theluji vilikuwa vikitua juu ya bapa na kuyeyuka. Maji ni adui wa upanga. Mkusanyaji yeyote angeunyakua. Haruyo alisimama na karatasi yake ya kufutia mkononi, hakuinua kidole. Alingoja mpaka bibi alipomrudishia mwenyewe, ndipo akaufuta, polepole, mara nyingi, akaupaka mafuta palepale kwenye baridi.

Bibi Suga aliishi katika nyumba ya wazee kwa majira mawili ya baridi. Haruyo alikuwa akimpelekea tofu laini, maana meno yalikuwa yamekwisha, na wakizungumza, kwa nilivyosikia, walizungumza habari za bei ya maharage na uvivu wa wauguzi. Alipofariki, mazishi yalikuwa madogo. Yule mpwa wa Osaka, mtu mpole mwenye shughuli nyingi, alitushukuru kwa kuja, akatumiminia chai.

"Samahani, mama," akamwambia Haruyo. "Ule upanga wa mjomba uliununua wewe, sivyo? Ulikuwa na thamani yoyote?"

"Ulikuwa na ufa," Haruyo akajibu. "Kwa wakusanyaji umekufa."

"Ah." Akatikisa kichwa, nadhani kwa faraja kwamba hakupoteza mali. "Mjomba alikuwa akiusifu sana. Watu wa zamani!"

"Ndiyo," Haruyo akasema, akanywa chai yake.

Baadaye alinunua panga nyingine chache, nzuri, zilizo hai, na akajulikana kidogo hata Okayama. Wageni wa chama walipomuuliza aanzeje mtu, aliwaambia wasubiri, na wakichoka kusubiri, wasubiri tena. Duka la tofu alilifunga magoti yalipomshinda. Macho nayo yakafuata. Daktari aliyasafisha mara mbili, lakini ule ukungu mweupe juu ya bapa hakuweza tena kuutofautisha na ukungu wa macho yake. Akatuambia waziwazi, mbele ya wote, kwamba haoni. Akagawa panga zake kwa wanaoona. Ule wa Orito alimpa Nanba, sote tukashangaa, yeye mwenyewe Nanba zaidi.

"Mimi? Kwa nini mimi, Mama Tofu?"

"Kwa sababu huwezi kunyamaza," akasema. "Kila atakayeushika utamwambia kuna ufa."

Na Nanba huwaambia, hata kabla hawajaketi.